Mjomba, Nimeshiba Tangu Juzi

Saa nne za usiku, mwezi wa saba 2019, nilimkuta mpwa wangu jikoni kwa dada yangu hapa Coralville, Iowa, amekaa mbele ya sahani ya tatu. Ugali wa muhogo, dagaa, mayai manne ya kuchemsha, na pembeni bilauri kubwa ya maziwa yaliyosagwa na shayiri, ndizi na siagi ya karanga. Alikuwa na miaka 18 na kilo 111. Karatasi ya kocha wa futiboli wa chuo, iliyobanwa na sumaku kwenye friji, ilisema afike kambi ya mazoezi mwezi wa nane akiwa na kilo 120. Tonge alikuwa nalo mkononi, halipeleki kinywani, halirudishi sahanini. Machozi yanamlengalenga.

"Mjomba," akaniambia, "nimeshiba tangu juzi."

Baba yake, shemeji yangu, alikuwa amesimama mlangoni, ndiyo kwanza ametoka zamu ya kiwanda cha nyama. Huyu ni mtu wa Uvira, Kongo, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi akipanga foleni ya mgao wa unga na maharage. Mwanawe alizaliwa kambini humo humo. Alimtazama kijana wake akilia kwa shibe, hakutia neno. Akavua viatu, akaenda kulala.

Nimeandika mambo mengi ya huku ughaibuni kwenye blogu hii, lakini hili la mpira nilikuwa nalikwepa kwa sababu linahitaji maelezo, na maelezo ya futiboli ya Kimarekani humchosha hata anayeyatoa. Leo nitajaribu. Mkivumilia aya moja tu, mengine yatakuja yenyewe.

Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira huweka watano mbele kabisa, wameinama, mkono mmoja umegusa nyasi, wamepangana kama matofali. Katikati ni senta. Kushoto na kulia kwake ni magadi wawili (si yale ya kulainishia maharage). Nje kabisa, huku na huku, ni mateko wawili. Mpwa wangu alikuwa teko wa kulia. Wakongo wa kanisani kwetu hawana muda na hiyo "e", wao wanatamka kwa "a", nami nikawa nimezoea kusema kama wao. Siku niliyompigia mama kule Ujiji kumweleza kwamba mjukuu wake amepata namba, sasa yeye ndiye tako la kulia la timu ya shule, kwanza kukawa kimya, kisha nikasikia simu ikianguka, kisha vicheko vya wanawake wa ua mzima.

Hao watano ndio watu wa laini. Kazi yao ni mbili. Mwenzao akitaka kukimbia na mpira, wasukume watu wa upande wa pili mpaka upatikane mlango wa kupita. Mwenzao akitaka kurusha, wamkinge huyo mrushaji, kwotabeki, kwa sekunde mbili na nusu, tatu zikizidi. Kudaka pasi hawaruhusiwi. Ndiyo maana hupewa jezi za namba 50 hadi 79, mwamuzi awatambue kwa mbali kwamba hawa si wadakaji. Ukimwondoa senta, ambaye huutoa mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake, mtu wa laini anaweza kumaliza miaka yake yote ya chuo asiuguse mpira mechi ikiwa inachezwa.

Mambo yalianza 2015, kijana alipoingia sekondari. Alikuwa golikipa wa mpira wa kwetu, na golikipa mzuri, mimi mwenyewe nilimfundisha kutokea krosi. Kocha wa futiboli akamwona koridoni: miaka 14, kilo 96, mabega kama mlango wa stoo. Wiki haikuisha, kocha yuko sebuleni kwa dada yangu, na mimi ndiye mkalimani.

"Mwambie mwalimu ale kwanza," dada akasema. Kocha akala. Akaongezwa. Akala tena, akapanda daraja.

"Sasa anataka mwanangu akafanye nini?"

"Asimame mbele, azuie."

"Azuie nini?"

"Watu wasimfikie mwenzake mwenye mpira."

"Na yeye mpira wanampa saa ngapi?"

"Hapewi."

Dada akamgeukia kocha, akamtazama kwa huruma kabisa, kisha akaniuliza mimi: "Kwa hiyo wamekuja nyumbani kwangu kuomba geti?"

Sikuitafsiri hiyo.

Mechi ya kwanza niliyokwenda niliangalia kama ninavyoangalia mpira wowote: macho kwenye mpira. Robo nne zilikwisha na mpwa wangu sikumwona hata mara moja, ila alipokuwa anakunywa maji. Nikarudi nyumbani nikamsifu, "Umecheza vizuri," naye akanijibu kwa adabu, "Asante, Mjomba," akijua ninasema uongo. Mechi ya pili nilikaa jirani na mzee mmoja mkulima, kofia ya kampuni ya mbegu kichwani, mjukuu wake alikuwa gadi. Akaniambia nichague mtu mmoja wa laini, mpira ukitoka nihesabu moja, mbili, tatu huku nikimtazama yeye tu, ndipo nitafute mpira umekwenda wapi. Nilifanya hivyo. Tangu siku ile mchezo ule haukurudi kuwa kama nilivyoujua. Nikaanza kuona miguu. Nikaona kwamba kabla mkimbiaji hajapata yadi zake kumi, mtu fulani alikwisha kupiga hatua ya kwanza, sentimita kumi na tano hivi, kwa mguu unaotakiwa. Akikosea mguu, mlango haupatikani, na jukwaani watamlaumu mkimbiaji.

Iowa ndiyo nchi ya watu hawa. Jimbo lina mahindi na nguruwe kuliko watu, halina timu hata moja ya ligi kuu ya kulipwa, kwa hiyo Jumamosi roho za watu ziko Kinnick, uwanja wa Chuo Kikuu cha Iowa hapo Iowa City, wa watu karibu 70,000. Kocha mkuu tangu 1999 ni Kirk Ferentz, ambaye miaka ya themanini alikuwa hapo hapo akifundisha laini tu. Kwake laini ndiyo chuo, mengine ni mabweni. Mwaka 2016 laini yake ilipata tuzo ya Joe Moore, ambayo haipewi mtu bali hupewa laini nzima ya timu. Na huyo Joe Moore aliyepewa jina la tuzo alikuwa kocha wa Ferentz sekondari kule Pennsylvania.

Ukiwachunguza vijana waliopitia mikononi mwake, jambo moja linajirudia: karibu hakuna aliyezaliwa mtu wa laini. Robert Gallery alikuja kama mdakaji wa pembeni, yule mkubwa anayesimama karibu na teko. Wakamlisha, wakamhamisha, mwaka 2003 akachukua tuzo ya Outland ya mtu bora wa ndani ya laini nchini, na 2004 akachaguliwa wa pili katika drafti nzima, pale timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa, zinapogawana vijana wa vyuo. Brandon Scherff, Outland ya 2014, aliwahi kuwa kwotabeki sekondari. Tyler Linderbaum wa Solon, kijiji cha hapa jirani, aliletwa kucheza upande wa ulinzi. Wakamgeuza senta, na 2021 akawa senta bora wa vyuo vyote ingawa wajuzi walikuwa wanalalamika kwamba ni mdogo na mikono yake mifupi. Marshal Yanda wa Anamosa hakuwa hata na maksi za kuingia moja kwa moja. Alianzia chuo cha jumuiya kule Mason City, ndipo akapokelewa Iowa, na baadaye akacheza Baltimore miaka 13 na kupata pete ya Super Bowl, fainali ya NFL. Mtu wa laini, nilivyokuja kuelewa, ni mtu wa kutengenezwa. Unachukua kijana mrefu mwenye miguu myepesi na unamjenga kwa kijiko.

Halafu yuko Tristan Wirfs, ambaye ndiye aliyetuharibia watoto.

Ametoka Mount Vernon, nusu saa kwa gari kutoka hapa nilipo. Mama yake alimlea bila mume, akifanya kazi dukani Target mwaka hadi mwaka. Sekondari alikuwa bingwa wa jimbo wa tufe na kisahani, na mwaka 2017 akawa bingwa wa mieleka uzito wa juu, ambapo mwisho ni kilo 129 na yeye ilimbidi ajipunguze ndipo apande mzani. Mwaka huo huo akaingia Iowa, na kabla msimu haujaisha alikuwa teko wa kuanza, wa kwanza wa mwaka wa kwanza kuanza nafasi hiyo chini ya Ferentz. Ndio msimu ambao Iowa iliipiga Ohio State 55 kwa 24. Mwaka 2019 aliinua chuma cha kilo 204 kutoka mapajani hadi mabegani, mara nne mfululizo. Februari 2020, kwenye majaribio ya NFL kule Indianapolis, huyu mtu wa kilo 145 aliruka juu kwa kusimama zaidi ya sentimita 92, rekodi ya wakati huo kwa watu wa laini. Tuliangalia pamoja sebuleni. Mpwa wangu alisimama, akajaribu, akagonga taa.

Wirfs alichaguliwa wa 13, akaenda Tampa Bay, na msimu wake wa kwanza tu wakachukua Super Bowl, yeye akimkinga kwotabeki Tom Brady. Mwaka 2024 akatia saini mkataba wa miaka mitano wa dola zaidi ya milioni 140. Kinamama wa kanisani kwetu waliisikia hiyo 140. Kila mwenye mtoto mnene alianza kumtazama kwa jicho jingine. Nilijaribu kueleza kwamba yule si mfano wa kazi ile, ni mfano wa Wirfs. Nani atasikia?

Kinnick tulikwenda mara moja tu, tiketi za kupewa. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima hugeukia jengo la hospitali ya watoto lililo kando ya uwanja na kupungia mkono watoto walioko madirishani juu. Desturi hiyo ilianza 2017. Mpwa wangu hakuwa anatazama madirisha. Alikuwa anawatazama watu wa laini pale uwanjani, yale majitu, wameinua mikono iliyofungwa tepu mpaka kwenye vidole. "Angalia mikono, Mjomba," akasema. "Wote vidole vimepinda."

Mikono ndiyo aliyonifundisha mimi. Kiangazi kile cha 2018 hakukuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi, kwa hiyo mjomba, kilo 78 na goti bovu, akawa mshambuliaji. Tulisogeza meza ya sebule. Yeye akachuchumaa nusu, mgongo umenyooka, makalio chini kama anayetaka kuketi kwenye kigoda ambacho hakipo. "Njoo," akasema. Nikaenda. Mguu wake wa kulia ukarudi nyuma hatua moja fupi, wa kushoto ukafuata bila kunyanyuka sana, kama mtu anayekokota kandambili. Hakuja kwangu, alinisubiri. Nilipomfikia, viganja vyake viwili vilikuwa vimeshatua kifuani pangu, ndani ya mikono yangu, vidole gumba juu. Nikajaribu kupita kulia, akateleza nami. Kushoto, akateleza nami. Hakunisukuma hata kidogo, ila kila nilikotaka kwenda nilimkuta.

"Unajuaje ninakokwenda?"

"Sikutazami macho. Macho yanadanganya, na mabega yanadanganya. Natazama kitovu."

Kisha akasema sasa anionyeshe ile ya mbio, na ninachokumbuka baada ya hapo ni dari. Wamarekani kumlaza mtu hivyo hukuita pankeki, kwa jina la keki zao za asubuhi. Sisi nyumbani tuliita kumlaza mtu chapati, ingawa kwa haki ile keki yao ni chapati ya maji. Orlando Pace, teko wa Ohio State miaka ya tisini, ndiye aliyeitangaza sana. Mwaka 1996 chuo chake kilipokuwa kinampigia debe apate tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa nchi, kiligawa sumaku za friji zenye umbo la chapati hizo. Akamaliza wa nne. Kwa mtu wa laini, wa nne ni kama mbingu.

Dada alitoka jikoni, akanikuta nimelala chali kati ya kochi na televisheni. "Geti limekuangukia?" akauliza.

Mwaka wa mwisho wa sekondari barua zikaanza kuja. Si za Iowa. Iowa walimpima kwenye kambi yao ya kiangazi, wakamshukuru, basi. Zilikuwa za vyuo vidogo, ambavyo jimbo hili limejaa. Kimoja, sikitaji, kilituma mtu mchangamfu aliyevaa fulana yenye nembo. Aliongea kwa saa nzima kuhusu "msaada wa fedha", nami nikatafsiri "ufadhili wa mpira", na dada akapiga vigelegele. Kosa lilikuwa langu nusu, na nusu nyingine nitaiacha kwa yule bwana, kwa sababu vigelegele alivisikia na hakuuliza vinatokana na nini. Vyuo vya ngazi ile, daraja la tatu, haviruhusiwi kumlipia mtu ada kwa sababu ya mchezo. Kinachotolewa ni msaada kwa wasio na uwezo na kwa maksi, sawa na anavyopewa asiyecheza chochote. Tuliijua hesabu kamili mwezi wa tano, bahasha ilipokuja. Shemeji aliongeza zamu ya Jumamosi. Ndiyo maana mwanzoni hakuwa anaziona mechi.

Siku hizi mambo yamebadilika kwa wakubwa. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa mwaka wa kwanza hadi dola milioni 20 na nusu kwa chuo kimoja. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuvua jezi, na kwa ngazi yake bado angelipa yeye.

Turudi kwenye sahani. Kocha mpya alisema kwa kilo 111 atakuwa anarushwa kama gunia tupu. Ukisikia "ongeza kilo tisa" unadhani ni anasa. Kuna mtu gani Kigoma hatataka kuamriwa ale? Dada alifurahi wiki mbili za kwanza. Akanunua sufuria la lita 20, kama la harusi. Baadaye akaona kwamba hiki si chakula, ni kazi. Kijana anaamka saa kumi na moja alfajiri kunywa maziwa na shayiri, anarudi kulala, anaamka kula, anakwenda kunyanyua vyuma, anakula, anafanya kibarua cha kupanga bidhaa, anakula akiwa amesimama, anarudi, anakula. Haruhusiwi kusikia njaa hata mara moja. Ladha ilikufa. Dagaa aliowapenda tangu utoto aliwaita "gramu za protini". Hilo neno lilimuumiza dada yangu kuliko bahasha ya ada.

Na hapo ni mezani tu. Chuma kina habari zake. Watu wa hapa wanakumbuka Januari 2011, wachezaji 13 wa Iowa walipolazwa hospitali kwa pamoja baada ya zoezi la kuchuchumaa na chuma mabegani mara 100: misuli ilikuwa imevunjika na mabaki yake kuingia kwenye damu, jambo ambalo huhatarisha figo. Shemeji hakujua hilo. Alichojua ni habari ya vichwa. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Boston kilichapisha matokeo ya uchunguzi wa bongo za wachezaji waliofariki: kati ya 111 waliocheza NFL, 110 zilikuwa na ule ugonjwa wa kuharibika ubongo kwa vipigo vya kurudiarudia, na kati ya 53 walioishia chuo, 48. Nilimweleza kwamba bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi zilikwisha kuona dalili, kwa hiyo si kipimo cha wachezaji wote. Alinisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwenye kukimbia na mpira anagongwa mara ngapi kwa mechi?" Nikasema labda 20. "Na mwanangu?" Kila mpira ukitoka, nikasema. Labda 65.

Chuoni mambo yalikwenda hivi. Mwaka wa kwanza alikaa benchi, sawa. Mwaka 2020 msimu ulifutwa kwa sababu ya korona. Alikula peke yake bwenini, sahani zinaletwa mlangoni kwenye boksi, akafika kilo 127 bila kumsukuma mtu. Mwaka 2021, wiki ya pili ya mazoezi, mwenzake alianguka nyuma ya mguu wake na gegedu la goti likachanika. Hakuna aliyemkusudia. Kwenye laini magoti huumia hivyo, kwa mtu anayeanguka nyuma yako wakati wewe unatazama mbele, na ndiyo maana wengi wao huvaa vyuma vya magoti mazoezini. Alipasuliwa. Msimu ukapita.

Mwaka 2022 akaanza mechi zote kumi, kilo 131, namba 74. Nitasimulia mpira mmoja tu, kwa sababu mingine hata nikiieleza haieleweki.

Oktoba, upepo wa mahindi makavu, watazamaji labda 800. Wanahitaji yadi mbili. Shemeji alikuwepo, aliomba ruhusa kazini. Nilimwambia ahesabu moja, mbili, tatu. Mpira ukatoka. Mpwa wangu na gadi wake wakampiga kwa pamoja mtu mmoja mnene aliyekuwa kati yao, bega na bega, wakamsogeza hatua mbili. Kisha, na hapa ndipo penye ufundi, yeye akamwachia gadi yule mtu taratibu, kama unavyomwachia mwenzako mtungi mkishajua ameushika sawasawa, akatoka kumfuata mlinzi wa nyuma aliyekuwa anakuja mbio kuziba. Viganja kifuani, vidole gumba juu. Yule mlinzi akaenda chali, miguu juu. Chapati. Mkimbiaji akapita hapo hapo, bila kuguswa, yadi 31, tachidauni, yaani bao.

Uwanja ukamkimbilia mkimbiaji. Shemeji hakugeuza kichwa. Aliendelea kumtazama mwanawe, ambaye alikuwa amepiga goti akimpa mkono yule aliyemlaza ili ainuke. "Nimemwona," akasema. "Nimemwona tangu mwanzo." Na akakaa, mtu wa zamu za usiku, akanyamaza mpaka mechi ikaisha.

Mechi ya mwisho ilikuwa Novemba, ugenini, wakafungwa. Tulimngojea kwenye maegesho zaidi ya saa nzima. Alipotoka alikuwa bado amevaa suruali ya mchezo, msaidizi mmoja anamkata tepu za viganja kwa mkasi huku wakitembea. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki mpaka leo. Alikuwa na miaka 21 na kazi yake ilikuwa imekwisha. Hakuna drafti kwa mtu kama yeye, hakuna timu ya mtaani ya wazee, huwezi kukusanya marafiki Jumapili mkachezea laini ufukweni. Mimi na goti langu bado nadaka krosi.

Kesho yake akaacha kula. Sisemi aligoma: alikula mara mbili kwa siku, kama binadamu. Wenye majina nao hufanya hivyo. Yanda alipostaafu 2020 alipunguza kilo zaidi ya 25 kwa miezi michache tu. Mwili ule haukai wenyewe, unashikiliwa kwa nguvu, na ukiuachia unaondoka mbio. Kufika mahafali, mwezi wa tano 2023, alikuwa na kilo 97. Joho alilopimiwa zamani lilimning'inia kama limetundikwa kwenye kamba.

Tulimpigia mama kwa video ili amwone mjukuu na cheti chake. Cheti hakukitazama. Alisogeza simu usoni, akaisogeza mbali, akawaita wenzake wa uani waje waone. "Mnanificha nini?" akauliza. "Anaumwa nini huyu mtoto?" Dada akaeleza kuhusu laini, kilo, na msimu kwisha. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tuache uongo.

Wiki iliyofuata kaka yetu wa Kigoma akapiga simu. Mama amempa shilingi 50,000 azitume Marekani, mtoto anunuliwe nyama. Katika miaka 15 niliyokaa huku, ndiyo mara ya kwanza pesa kutoka Ujiji kuja upande huu. Zilikuwa kama dola 21. Dada akanunua nyama ya mifupa, akaipika kwenye lile sufuria la harusi kwa sababu mkono wake umeshasahau kipimo kingine. Mpwa wangu alikula sahani moja, akanawa, akashukuru, akaenda kulala. Iliyobaki nikaipakia kwenye makopo ya plastiki, nikaenda nayo zamu ya usiku.